Nyumba Njema si Mlango: Majumba ya Mjini ya Zama za Wafalme George

Wahenga walinena ya kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii hutumiwa kwa habari ya watu, kwa maana sura ya mtu haitoshi kutujulisha moyo wake. Lakini katika insha hii nataka tuirudishe kwenye maana yake ya asili, yaani kwa nyumba zenyewe. Nyumba nilizozichagua ni zile za ghorofa zilizojengwa katika miji ya Uingereza, Uskoti na Ayalandi kati ya mwaka 1714 na mwaka 1830. Katika muda huo wafalme wanne walifuatana katika kiti cha enzi, na wote wanne waliitwa George. Kwa sababu hiyo majengo ya zama zile huitwa kwa jina lao hata leo.

Mtu asimamaye mbele ya safu ya nyumba hizo, kwa mfano katika uwanja wa Bedford Square mjini London, huona kwanza utulivu. Ukuta wa matofali umenyooka kama uzi wa fundi. Madirisha yamepangwa kwa mistari, la juu likiwa sawasawa na la chini yake, na nafasi iliyo kati ya dirisha na dirisha ni ile ile. Hapana rangi za kushtua wala mapambo mengi. Pambo liko mlangoni: vidato vichache vya mawe, ua wa vyuma vilivyochongoka, mlango mpana wa mbao, na juu yake kidirisha cha nusu duara ambacho vyuma vyake vyembamba vimetawanyika kama miale ya jua lichomozalo. Nyumba moja imeshikana na jirani yake kwa ukuta, na jirani naye na mwenziwe, hata upande mzima wa uwanja ukaonekana kama jumba moja la mfalme.

Jicho likizoea huona jambo la pili. Madirisha hayalingani kwa urefu. Yale ya ghorofa iliyo juu ya mlango ni marefu kupita yote. Ya ghorofa ifuatayo ni mafupi kidogo. Na yale yaliyo karibu na paa ni madogo, karibu kuwa mraba. Jambo hili halikutokea kwa bahati. Ukubwa wa dirisha ulitangaza cheo cha chumba kilicho nyuma yake, kama tepe za askari zitangazavyo cheo cha mwenyewe. Mpita njia aliyejua kuusoma ukuta aliweza kusema, hata kabla ya kubisha hodi, ni wapi wageni walipokaribishwa na ni wapi mtumishi alipolaza ubavu wake.

Sasa fikiri, ewe msomaji. Nyumba hizo zilijengwa na mafundi maelfu, katika miji mbalimbali, kwa muda wa zaidi ya miaka 100. Hawakuwa na mkuu mmoja wa kuwaamuru. Kwa nini basi kazi zao zilifanana kama ndugu wa tumbo moja? Tukichunguza tutaona sababu nne: moto, ardhi, vitabu na kodi. Tuzitazame moja moja.

Sababu ya kwanza ni moto. Tarehe 2 Septemba 1666 moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate mjini London. Ulipozimwa baada ya siku nne, nyumba zaidi ya 13,000 zilikuwa zimeteketea. Sehemu kubwa ya mji ule ilijengwa kwa mbao, na ghorofa za juu zilitokeza mbele juu ya njia nyembamba, hata moto ukapata daraja la kuvukia toka upande huu hata upande ule. Mwaka uliofuata, 1667, Bunge lilipitisha sheria ya kuujenga mji upya. Kuta za nje sharti ziwe za matofali au mawe. Nyumba ziligawanywa katika aina nne, na kila aina ikapewa idadi ya ghorofa zake na unene wa kuta zake.

Sheria nyingine zilifuata. Ile ya mwaka 1707 ilikataza mbao zilizonakshiwa chini ya upenu wa paa, kwa kuwa moto ulipenda kupanda kwa njia hiyo. Badala yake ukuta wa mbele uliinuliwa hata ukalificha paa. Ile ya mwaka 1709 iliagiza fremu za madirisha zirudishwe ndani inchi 4 kutoka uso wa ukuta. Sheria kubwa ya mwaka 1774 ilitaka fremu hizo zifichwe nyuma ya matofali, tena ikapanga nyumba za London katika daraja nne kwa thamani na kwa eneo. Nyumba ya daraja la kwanza ilikuwa ile ya thamani ipitayo pauni 850 na eneo lipitalo futi za mraba 900. Ya daraja la nne ilikuwa ya thamani isiyozidi pauni 150. Sheria hizo zilihusu London, lakini miji mingine iliufuata mtindo wa mji mkuu.

Angalia jinsi hofu ilivyozaa uzuri. Wabunge hawakuwa wakitafuta urembo. Walikuwa wakiogopa kuungua. Lakini dirisha lililorudishwa ndani hutia kivuli katika ukuta, na kivuli hicho huufanya ukuta uonekane mnene na imara. Ukingo uliolificha paa uliipa nyumba mstari mmoja mnyofu dhidi ya mbingu. Hivyo sura tuisifuyo leo ilianza kama amri ya kujikinga na msiba.

Sababu ya pili ni ardhi. Msomaji asidhani ya kuwa kila tajiri alinunua kiwanja, akamwita fundi, akajengewa nyumba kama apendavyo. Waliofanya hivyo walikuwa wachache. Ardhi kubwa ya upande wa magharibi wa London ilikuwa mikononi mwa makabaila wachache, kama vile jamaa ya Grosvenor na watawala wa Bedford. Hao hawakutaka kuuza urithi wao, wala hawakutaka kutumia fedha zao katika ujenzi. Waligawanya mashamba yao kuwa njia na viwanja, kisha wakawakodisha wajenzi kwa muda wa miaka mingi, mara nyingi miaka 99. Muda ukiisha, ardhi pamoja na nyumba zilizo juu yake hurudi kwa mwenye ardhi.

Mjenzi naye hakuwa mtu mwenye fedha nyingi. Pengine alikuwa seremala au mwashi aliyejaribu bahati yake. Katika mwaka wa kwanza au miaka miwili ya kwanza alitozwa kodi ya jina tu, ambayo kwa desturi ya sheria zao iliitwa punje moja ya pilipili. Katika muda huo sharti ainue kuta, aezeke paa, na kumpata tajiri wa kuichukua nyumba kabla ya kodi ya kweli kuanza kudaiwa. Ili kuokoa fedha, mafundi walisaidiana kwa kubadilishana kazi: seremala alitia milango katika nyumba ya mwashi, na mwashi akajenga kuta katika nyumba ya seremala. Wengine walitajirika, wengine walifilisika kuta zikiwa nusu.

Mpango huo waeleza mengi. Kwa kuwa mwenye ardhi alitaka viwanja vingi vyenye mlango njiani, kila kiwanja kilikuwa chembamba kwa mbele na kirefu kwenda nyuma. Kwa kuwa mjenzi hakumjua mnunuzi wake, alijenga nyumba ambayo kila muungwana angeikubali. Na kwa kuwa fedha zilikuwa haba, mara nyingine matofali mazuri ya mbele yalikuwa ngozi tu. Nyuma yake yalifichwa matofali duni, na ngozi ile haikufungamana vema na mwili. Waashi wanaozitengeneza nyumba hizo siku hizi huzikuta hila hizo mara kwa mara. Nyumba njema si mlango, wala si ukuta.

Sababu ya tatu ni vitabu. Mafundi wale hawakupita katika vyuo vya usanifu. Je, waliupata wapi ujuzi wa vipimo? Jibu latupeleka Italia. Andrea Palladio, aliyeishi toka mwaka 1508 hata mwaka 1580, alianza maisha kama mchonga mawe. Alikwenda Rumi akayapima magofu ya kale kwa mikono yake, na mwaka 1570 akatoa vitabu vinne juu ya ujenzi. Mwingereza Inigo Jones alivisoma, akasafiri Italia, na katika miaka ya 1630 akausanifu uwanja wa Covent Garden mjini London kwa kufuata mafunzo hayo. Wakati wake watu wachache walimfuata. Lakini mwaka 1715 Colen Campbell alitoa kitabu kikubwa cha michoro kilichoamsha upya mtindo huo, na mwaka 1738 Isaac Ware akatoa tafsiri ya Kiingereza ya vitabu vya Palladio. Baadaye waandishi kama Batty Langley walitunga vitabu vya mafundi wa kawaida, vyenye picha za milango, madirisha na nguzo pamoja na vipimo vyake.

Mafunzo ya vitabu hivyo yaweza kusemwa kwa neno moja, nalo ni uwiano. Chumba kisikatwe kwa kubahatisha. Kiwe mraba, au urefu wake uwe mara moja na nusu ya upana, au mara mbili ya upana. Na kimo chake kitokane na vipimo hivyo hivyo. Hata ukuta wa mbele ulipangwa kama nguzo ya Kirumi: sehemu ya chini ni msingi wake, ghorofa zenye madirisha marefu ni mwili wake, na ukingo wa juu ni taji lake. Nguzo yenyewe huenda haipo, lakini vipimo vyake vimebaki ukutani. Kwa njia hiyo seremala wa kijiji aliyejua kusoma na kutumia bikari aliweza kuingia katika elimu iliyotoka mbali, nchi na karne nyingi nyuma yake.

Sababu ya nne ni kodi. Toka mwaka 1696 hata mwaka 1851 Serikali ilitoza kodi kwa hesabu ya madirisha. Vioo vyenyewe vilitozwa ushuru mpaka mwaka 1845, na toka mwaka 1784 hata mwaka 1850 matofali nayo yalitozwa. Maskini waliziba madirisha yao, wakaishi katika giza na hewa mbaya. Matajiri walifanya kinyume: dirisha lililo kubwa, lenye vioo vingi, likawa njia ya kujigamba bila kutamka neno. Hata hivyo si kila dirisha lililozibwa tuonalo leo ni alama ya kodi. Mengine yalijengwa yakiwa yamezibwa toka mwanzo, ili ulinganifu wa ukuta usiharibike mahali ambapo dohani au ukuta wa ndani ulipita.

Madirisha hayo yalikuwa na ufundi wa namna yake. Hayakufunguliwa kwa bawaba. Yalikuwa na fremu mbili, moja juu ya nyingine, zikipanda na kushuka. Ndani ya ubao wa kando kulifichwa kamba iliyopita katika kapi, na mwisho wa kamba palining'inia kipande kizito cha risasi au chuma kilicholingana na uzito wa fremu. Kwa hiyo mtoto aliweza kulifungua dirisha kubwa kwa mkono mmoja. Nao wanamaji wa kwetu, wazoefu wa kapi na henza, wangelitambua jambo hilo mara moja.

Mahali pazuri pa kuona sababu hizi zikikutana ni mji wa Bath, ulio magharibi ya London. Matajiri walikwenda huko kuoga katika chemchemi za maji ya moto na kutafuta maarifa ya starehe. Msanifu John Wood alianza uwanja wa Queen Square mwaka 1728, na mwaka 1754, ambao ndio mwaka wa kufa kwake, ukaanza mzunguko wa nyumba uitwao Circus. Mwanawe, ambaye naye aliitwa John Wood, alianza Royal Crescent mwaka 1767. Hiyo ni safu ya nyumba 30 iliyopindwa kama mwezi mchanga, ikitazama majani na mabonde, nayo ina nguzo 114 za mtindo wa Kiyunani. Mawe yake ya rangi ya asali yalichimbwa katika vilima vya jirani.

Lakini zunguka nyuma ya Royal Crescent, nawe utashangaa. Ule umoja wa mbele haupo. Paa hili limeinuka, lile limeshuka. Ukuta huu umetokeza, ule umerudi ndani. Sababu ni kwamba wanunuzi walichukua sehemu ya uso uliosanifiwa na Wood, kisha kila mmoja akamtafuta mjenzi wake wa kumjengea vyumba vya nyuma kadiri ya haja na mfuko wake. Mbele ni mali ya mji mzima. Nyuma ni mali ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 1987 mji wa Bath uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na wageni wengi huutembelea. Aliye mwangalifu hupita mbele, kisha hupita na nyuma.

Haya, sasa mlango umefunguliwa, tuingie. Katika nyumba kubwa ya mjini kila ghorofa ilikuwa na watu wake na kazi yake. Chini ya usawa wa njia kulikuwa na jiko, stoo na mahali pa kufulia. Chini ya njia yenyewe, mahali watu wapitapo kwa miguu, kulichimbwa ghala ya makaa ya mawe; mwuza makaa aliyamimina kwa tundu la mviringo lililofunikwa kwa bamba la chuma, asipate kuingia ndani na kuchafua. Mahali pa mlango wa mbele palikuwa na chumba cha kulia, na pengine chumba cha shughuli za bwana. Juu yake ndiko kulikokuwa na sebule kuu, yenye yale madirisha marefu, dari zilizonakshiwa kwa plasta, na meko ya marumaru. Hapo msanifu Robert Adam, aliyekufa mwaka 1792, alionyesha ustadi wake wa mapambo membamba na rangi laini. Juu zaidi kulikuwa na vyumba vya kulala, na chini ya paa walilala watumishi, pengine pamoja na watoto.

Vyumba hivyo viliunganishwa na ngazi, na ngazi zilikuwa mtihani mkubwa wa fundi. Katika nyumba bora kila kidato cha jiwe kiliingizwa ukutani kwa ncha moja, na ncha ya pili haikushikwa na nguzo. Kidato kimoja kiliegemea juu ya mwenziwe, hata ngazi nzima ikaonekana kuelea hewani. Lakini mgeni akipita ghorofa ya sebule, mara nyingi mawe yalikwisha na ngazi ya mbao nyembamba ikaanza. Katika nyumba zilizo kubwa zaidi palikuwa na ngazi ya pili, ya giza, kwa ajili ya watumishi peke yao, ili bwana na mtumishi wasikutane njiani.

Na watumishi walipanda na kushuka toka alfajiri hata usiku wa manane. Hakuna bomba lililopeleka maji vyumbani, wala hakuna swichi ya umeme. Maji ya kunawa yalipanda ngazi kwa mikono. Maji machafu yalishuka kwa mikono. Makaa ya mawe yalipanda ghorofa tatu au nne, majivu yalishuka. Dohani zilizolisha moto huo zilisafishwa na watoto, waliopanda ndani yake wakikwangua masizi kwa viwiko na magoti. Sheria ya mwaka 1788 ilikataza kumtumia mtoto aliye chini ya miaka 8, lakini haikufuatwa vema, na desturi hiyo haikukomeshwa kabisa mpaka ilipotolewa sheria ya mwaka 1875. Ule utulivu wa ukuta wa mbele ulikuwa na jasho nyuma yake.

Hapa sharti tuulize swali ambalo wapenzi wa majengo wameliepuka kwa muda mrefu: nani alilipa? Fedha za nyumba hizo zilitoka katika visima vingi. Wengine walikuwa na kodi za mashamba, wengine walikuwa mawakili, wenye benki, maafisa na wafanya biashara. Lakini kisima kimoja kikubwa kilikuwa sukari ya visiwa vya Karibi, na sukari hiyo ililimwa na Waafrika waliotekwa, wakauzwa, na kuvushwa bahari. Katika uwanja wa Portman Square mjini London kuna jumba la ajabu lililopambwa na Robert Adam katika miaka ya 1770. Lilikuwa la Elizabeth, mke wa Kabaila wa Home, ambaye alizaliwa Jamaika na kurithi mali iliyotokana na mashamba ya huko. Hata zile mbao za mahogani, nyekundu na ngumu, zilizotengenezewa milango, vishikio vya ngazi na meza, nyingi zilikatwa na watumwa katika misitu ya nchi za Karibi.

Mfano ulio wazi zaidi uko Bristol. Katika mtaa wa Great George Street imesimama nyumba iliyojengwa karibu na mwaka 1790 kwa ajili ya John Pinney, mwenye mashamba ya miwa katika kisiwa cha Nevis. Ni nyumba ya mawe, ya adabu na kipimo, isiyo na majivuno. Ina ofisi ya bwana, sebule nzuri, na katika sehemu ya chini birika la kuogea maji baridi. Humo aliishi pia mtu aliyeitwa Pero. Pinney alimnunua mwaka 1765, Pero akiwa mtoto wa miaka 12, pamoja na dada zake wawili. Mwaka 1783 alimchukua Uingereza awe mtumishi wake mwenyewe. Pero alimtumikia kwa zaidi ya miaka 30, akafa mwaka 1798 bila kupewa uhuru wake.

Tukiitazama nyumba ile kwa mlango wake, hatumwoni Pero. Uso wa nyumba watuambia habari za Palladio, za sheria za ujenzi, na za ustadi wa waashi wa Bristol. Hautuambii ya kuwa mtu aliyekuwa akipanda ngazi zile na nguo za bwana mkononi alikuwa amenunuliwa kama nguo zenyewe. Habari zake zimebaki katika barua na madaftari ya bwana wake, nazo zilisomwa na wanahistoria waliotaka kujua. Leo nyumba hiyo ni makumbusho, na daraja la waendao kwa miguu lililofunguliwa katika bandari ya Bristol mwaka 1999 limepewa jina la Pero. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na mwaka 1833 likapitisha sheria ya kuukomesha utumwa katika makoloni yake mengi. Katika sheria hiyo ya pili zilitengwa pauni milioni 20 za fidia. Waliolipwa ni mabwana. Watumwa hawakupewa hata senti.

Je, baada ya kuyajua hayo, tuzichukie nyumba zile? Mji wa Dublin watupa funzo. Katika karne ya 18 Dublin ulipambwa kwa njia pana na viwanja kama Merrion Square, ulioanza mwaka 1762. Lakini mwaka 1801 Ayalandi iliunganishwa na Uingereza, Bunge la Dublin likafungwa, na wakubwa wengi wakahamia London. Majumba yao yakashuka thamani. Mengine yalikatwa vipande na kupangishwa chumba chumba kwa maskini. Katika mtaa wa Henrietta Street, nyumba namba 14, iliyojengwa kwa familia moja na watumishi wake, ilikuwa na watu zaidi ya 100 mwaka 1911. Ngazi yake kuu ilikuwa imekwisha kuondolewa ili vyumba vya kupangisha viongezeke.

Ayalandi ilipopata kujitawala, watu wengine waliyatazama majumba hayo kama ukumbusho wa kutawaliwa, wakaona afadhali yaanguke. Katika miaka ya 1960 nyumba 16 za mtaa wa Lower Fitzwilliam Street zilibomolewa kwa mara moja ili kupata nafasi ya ofisi. Wengine walipinga, wakisema ya kuwa matofali yale yalipangwa kwa mikono ya mafundi wa Kiayalandi, na kwamba maskini walioishi humo nao wana historia yao. Nyumba namba 14 haikubomolewa. Mwaka 2018 ilifunguliwa kuwa makumbusho, na ndani yake huelezwa habari za mabwana wa karne ya 18 pamoja na habari za wapangaji wa karne ya 20, waliopika, kuzaa na kuzika wakiwa watu wengi katika chumba kimoja. Kama ingalibomolewa, habari zote mbili zingalipotea pamoja.

Nasi Afrika ya Mashariki tuna majengo yetu ya kale. Nyumba za mawe za waungwana wa Lamu zilisimama katika karne ile ile ya 18, zikiwa na kuta za matumbawe na chokaa, dari za boriti, na zidaka zilizonakshiwa. Na humo nako waliishi watumwa waliopika na kuteka maji. Katika miji yetu zipo pia ofisi na stesheni zilizoachwa na wakoloni. Kijana wa leo atakapokuwa diwani, mhandisi au mwalimu, huenda akaulizwa: jengo hili libomolewe au lihifadhiwe? Asijibu kwa chuki tupu, wala kwa mapenzi tupu. Aulize kwanza kama tulivyouliza hapa: sheria gani iliyaongoza mafundi, ardhi ilikuwa ya nani, ujuzi ulitoka wapi, fedha zilitoka kwa nani, na nani aliyebeba maji?

Uzuri wa nyumba za zama za George ni uzuri wa kweli. Uwiano wake waweza kupimwa kwa rula, na mwanafunzi wa hesabu au wa ufundi atapata faida akijifunza kutoka kwake. Dhuluma iliyolipia baadhi ya nyumba hizo nayo ni ya kweli, na yaweza kuhesabiwa katika madaftari. Jambo moja halifuti jingine. Mwanahistoria hana ruhusa ya kuchagua lile limpendezalo na kulificha lile limchukizalo. Wahenga walituagiza tufungue tuingie ndani. Basi tukiisha kuingia tusikae sebuleni tu tukisifu dari, bali tushuke mpaka jikoni.